Maana ya Mubashara Niliyompa Mercy

Ilianza Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni, nje ya stafrumu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amebandika karatasi: kesho saa tatu asubuhi redio inakuja shuleni, matangazo mubashara, msomaji wa shairi ni Mercy.

Shairi lenyewe niliandika mimi. Lakini nikisimama mbele ya watu sauti inapotea, kwa hivyo sauti ni ya Mercy na makofi ni ya Mercy.

Mercy akanivuta mkono. "Chela, wewe ndio kamusi yetu. Mubashara ni nini?"

Najua vizuri. Ni matangazo yanayotoka wakati ule ule unaongea. Msikilizaji anasikia mpaka kikohozi chako. Nikamwambia, "Ni ya kurekodi. Ukikosea wanakata, unarudia."

"Afadhali! Basi leo sifanyi mazoezi."

Nilienda nyumbani na furaha mbaya, ile inauma.

Kogo, nyanya yangu, alikuwa anachambua mboga za managu. Nikamweleza nikicheka. Yeye hakucheka. Aliweka sinia chini.

"Mwanangu, kuna Jumapili moja haijawahi kunitoka. Nilikuwa msichana, nachuma chai kwa shamba kubwa huko Kericho. Jirani yangu kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi, alikuwa Atieno, wa kutoka ziwani. Kila asubuhi msimamizi anatuambia tuangalie mikono ya Atieno inavyochuma haraka. Atieno, Atieno! Lakini redio ilikuwa yangu. Siku hizo mtu akifa, habari ilikuja kwa redio. Nikasikia jina la mama yake, wanazika Jumanne. Yeye alikuwa mtoni anafua. Nikasema, wacha na yeye akose kitu. Nikanyamaza mpaka Jumatano."

"Alikutukana?"

"Angenitukana ningepona. Aliniuliza tu, 'Dada, redio yako ilikuwa imeharibika?' Nikasema ndiyo. Mpaka leo bado najibu hilo swali."

Akarudia mboga zake kidogo, halafu akaniangalia.

"Sikia, mwanangu. Wivu utakuja tu. Hata mimi na uzee huu unanitembelea nikiona ng'ombe wa jirani. Ukija, usiupatie kazi. Na neno ambalo mwenzako anahitaji, mpe kabla saa yake haijapita. Mungu akupe sauti, na akupe watu wa kufurahi siku utaitumia."

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kwa geti ya kina Mercy, viatu vimelowa umande wa majani chai.

"Nilikudanganya. Mubashara hairudiwi. Ukisema, imeenda."

"Kwa nini, Chela?"

"Nilikuonea wivu."

Aliniangalia mpaka nikataka kurudi. Hakusema amenisamehe. Alitoa karatasi kwa begi. "Basi tembea ukinisikiza. Na usinicheke."

Mstari wa tatu alikuwa anaukosea, ule mzuri kuliko yote. Wivu bado ulikuwa hapo, tunatembea nao tukiwa watatu. Nikamrudisha kwa huo mstari mara tano, mpaka akausema vizuri kuliko mimi.