Mipira Kwenye Shingo za Chupa

Mke wangu alitaka tumwambie mtoto mapema. Nikamwambia angoje kwanza nipange karakana. Akaniuliza karakana na macho vinahusiana nini, nami nikapandisha hasira, kwa sababu kwangu mimi vilikuwa jambo moja. Sukari ilikuwa imeshanila macho. Daktari wa hospitali ya huku kwetu Kibuli alinieleza polepole kwamba kilichokwenda hakirudi, tujaribu kulinda kilichobaki. Katikati ya kila ninachokitazama kuna doa, kama moshi uliogoma kuondoka. Pembeni naona. Nikishika spana naona mpini wake vizuri tu, ila namba siioni, na fundi wa pikipiki asiyeona namba ya spana ana kazi gani?

Kule gereji ya Kawempe nilikofanya kazi tangu ujana sikumwambia mtu. Nilitoka na maringo, nikasema mimi sasa naenda kujitegemea, nimechoka kutumwatumwa. Wallahi wengine walinionea wivu. Nyumbani kwetu kuna gereji aliyoijenga marehemu baba akisubiri gari, na gari halikuja mpaka akaondoka duniani, kwa hiyo humo mlikuwa na magodoro ya zamani, majiko yaliyotoboka, majerikeni, na kuku mmoja aliyekuwa akitaga ndani ya helmeti yangu. Nilichotaka ni hiki tu: mahali pale papangike kabla macho hayajaisha, kila kitu kiwe na pahala pake ambapo mkono utapajua wenyewe, na binti yangu asijue kwa nini. Kwake mimi ndiye mtu anayetengeneza vitu vilivyowashinda watu wengine. Sikuwa tayari kuipoteza nafasi hiyo.

Ndiye kitindamimba wetu, bado yuko shule ya msingi, na wakati huo walikuwa wamefunga shule. Mama yake hutoka asubuhi kwenda Old Kampala anakouza vitenge. Basi tukabaki mimi naye. Nilimwambia namfundisha ufundi. Namwonyesha spana namuuliza, hii namba ngapi? Anasoma, kumi na mbili. Namjibu vizuri, itundike. Hii nyingine je? Kumi na nne. Vizuri. Kwa ujanja huo alinisomea karakana nzima, naye akijiona mwanafunzi hodari, mimi nikijifanya mwalimu. Nilikuwa nimeshazoea. Hata kazi zake za shule nilikuwa namwambia asome kwa sauti nisikie kama anajua.

Jirani yetu, kijana wa bodaboda, alikuwa akipita anatucheka. Akasema mzee umeona wavulana wamekwisha Kampala hii mpaka unamvalisha binti ovaroli. Nikamwambia siku pikipiki yako itakapokufia Entebbe Road utampigia magoti huyuhuyu. Mtoto alifurahi sana kusikia hivyo.

Spana tulizitundika kwenye misumari, ndogo kushoto, kubwa kulia, ili kidole kiweze kuhesabu. Bisibisi chini yake. Nati na bolti kwenye makopo ya maziwa. Kazi kubwa ilikuwa chupa. Sisi mafundi wa mji huu kila cha majimaji tunakitia kwenye chupa za maji ya kunywa zilizokwisha, petroli, mafuta ya breki, asidi ya betri, vyote chupa za aina moja, na mwenye macho hana shida, anaangalia rangi. Mimi nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikavivisha kwenye shingo. Mpira mmoja petroli. Miwili mafuta ya breki. Mitatu asidi, na hiyo nikaiweka juu kabisa. Chupa isiyo na mpira ni maji ya kunawa. Binti aliniuliza ile mipira ni ya nini, nikamjibu ovyo, ni mipira tu, achana nayo.

Ijumaa nikaenda kuswali. Njia ya msikitini naijua hata nikiwa usingizini, na nikitembea na watu hakuna anayetambua kwamba sioni. Niliporudi nilimkuta mlangoni mwa karakana anarukaruka, akanishika mkono, akaniambia, baba, fumba macho. Nikafumba. Akaniingiza ndani, akaniambia fumbua. Nikafumbua. Kwangu mimi tofauti haikuwa kubwa.

Kulinukia sabuni. Alikuwa amefuta kila rafu, akapanga chupa zote kwenye mstari mmoja, na kwa pembeni ya jicho niliona vijikaratasi vyeupe vimejaa kila mahali. Alisema ameandika kila kitu, kwa kalamu za rangi, na kuzungushia selotepu ili grisi isiharibu. Alikuwa anahema kwa furaha. Nikasema mashallah, mashallah, fundi wangu, hata kule Kawempe hatukuwa na karakana safi hivi. Nikapapasa misumari, spana zilikuwa palepale. Nikashusha pumzi. Chupa sikuzigusa, maana jirani alikuwa amefika na pikipiki yake inapiga chafya, na mimi nilitaka sana kuonekana nafanya kazi.

Kabureta niliifungua kwa vidole, sikuhitaji macho. Ilikwenda vizuri mno. Nilianza hata kuimba. Jirani alipoondoka na pikipiki yake imetulia nilijisikia mtu mzima tena, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya daktari. Mikono ilikuwa imejaa grisi na jasho linanitiririka usoni. Nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikapapasa shingo ya chupa, haina mpira, nikafungua, nikamimina kiganjani, nikasugua. Nikamimina tena, nikainama ninawe uso.

Binti alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Aliupiga mkono wangu kwa ngumi zote mbili. Ndipo nikaanza kuhisi vidole vinawaka. Alinivuta mpaka kwenye bomba la uani, akalifungulia lote, akanishika mikono chini ya maji bila kuniachia, na kwa bahati siku hiyo maji yalikuwepo.

Sasa sikilizeni mimi nilivyo. Badala ya kumshukuru, nilimgombeza. Ile mipira iko wapi, nani alikwambia uitoe, kwa nini umeshusha kitu nilichokiweka juu, unataka kuniua? Alijibu huku analia kwamba ilikuwa michafu, ilikuwa inanata, akaitupa kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki wa taka. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kwenye chupa ile aliandika hatari, kwa nyekundu, herufi kubwa, pande zote mbili.

"Kwa nini hukusoma?" akaniuliza.

Nikasema nilikuwa na haraka. Akanyamaza. Najua watoto wangu wanaponyamaza kwa kununa na wanaponyamaza kwa kufikiri, na huku hakukuwa kununa. Jioni mama yake aliponipaka dawa vidoleni alinitazama tu, nadhani alinitazama, hakusema si nilikwambia. Aliposema neno ilikuwa kwamba kesho nisipomwambia mtoto mimi mwenyewe, atamwambia yeye. Nikamwambia sawa. Usiku ule niliogopa kuliko siku ya daktari. Daktari alinipa habari ya macho tu. Huyu mtoto ningempa habari kwamba fundi wake amekwisha.

Asubuhi nilijikaza nikaingia karakana kabla yake. Nilikusudia kuongea. Nilipanga nianze na sukari, kwamba ni ugonjwa wa watu wengi, halafu macho, halafu nimwambie kwamba mikono bado mizima. Akaja na chai yangu akaiweka juu ya benchi, akasema chai iko karibu na mkono wako wa kulia. Sijui kwa nini sikulishtukia hilo. Nikakohoa. Kila nilipofungua mdomo maneno yalikataa kutoka, mimi ambaye kwa maneno hakuna aliyewahi kuniweza gereji nzima.

Akaanza yeye. Alisema ameandika upya karatasi ya ile chupa, kubwa zaidi, niiangalie kama iko sawa. Akainyoosha mbele yangu. Niliona weupe pembeni, nikaona kidole gumba chake kimeshika ncha. Nikachukua muda kama mtu anayesoma. Mimi mwongo mzoefu, najua sifa tupu hazikubaliki, lazima uweke na kasoro kidogo. Nikamwambia mwandiko umekaa vizuri, ila herufi za mwisho umezibana, siku nyingine azipe nafasi.

Nikasikia akiigeuza ile karatasi.

"Sijaandika kitu, baba," akasema.

Nilitaka kucheka, nimwambie umenipiga chenga, nilikuwa natania. Nilitaka kukasirika, hasira ndiyo kimbilio langu, na hata hiyo haikuja. Mikono ilikuwa na bandeji, nilishindwa hata kujifuta machozi. Nilikaa pale kwenye kigoda changu, katikati ya karakana niliyoipanga ili asijue.

Aliiweka ile karatasi chini. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mwanga nyuma yake.

"Na uso wangu unauona?"

Nikasema hapana. Akapiga hatua.

"Na hapa?"

Nikasema hapana. Akaja mpaka magoti yake yakagusa yangu, akauliza tena, nami nikamjibu vilevile. Akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, akanisogezea uso wake mpaka nikasikia pumzi yake, ina harufu ya chai ya tangawizi. Nilifumbua macho kadiri nilivyoweza. Niliona sikio lake moja, na kipande cha ukuta.

"Hapa je, baba?"