Jairo Mbonile na Pampu ya Saza

Pale Saza, ukitaka kumpata Jairo Mbonile hukuhitaji jina. Ulisema tu "yule wa helikopta", na aliyekaa karibu alikunyooshea kidole huku anacheka. Mndali wa Ileje, mfupi, kifua mbele, masharubu anayoyapalilia kuliko anavyopalilia ufuta wake. Alistaafu jeshi akiwa koplo. Wenzake walirudi na mabati na televisheni. Jairo alirudi na hadithi za Kongo, alikokuwa kwenye ulinzi wa amani, na tangu siku hiyo kilabu cha pombe ya komoni hakikuhitaji redio.

Alisimulia kwamba kule kulikuwa na helikopta inayomeza lori zima, panga zake nane, ikishuka migomba inalala kifudifudi. Kuna mizigo haiingii tumboni, inaning'inizwa chini kwa minyororo, na rubani akiwa juu hauoni mzigo wake mwenyewe vizuri. Anamtazama mtu mmoja aliyesimama ardhini, kavaa miwani ya vumbi, anaongea kwa mikono. Mikono ikisema shuka, anashuka. Ikisema ondoka, anaondoka bila kuuliza, hata awe na nyota mabegani. Na mtu huyo alikuwa nani? Ukimsikiliza Jairo, ungedhani marubani walisafiri kutoka kwao kuja kumwamkia.

"Koplo," Andongwisye alipenda kumchokoza. Huyu Andongwisye ndiye msimamizi wa duara moja la dhahabu pale, yaani shimo la kuchimbia, mtu mrefu asiye na haraka. "Hebu sema kweli. Uliwahi kuipanda?"

"Kupanda ni kazi ya mizigo."

"Kwa hiyo hukuipanda."

"Wewe uliyekua ukichunga ng'ombe, uliwahi kubebwa mgongoni na fahali? Lakini si alikutii?"

Watu wakacheka, Jairo akaongezewa komoni. Nami nawaambia, mtu wa namna hiyo ni mzuri kuwa naye kijijini mpaka siku kijiji kitakapomtaka kweli.

Siku yenyewe ilikuja mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekataa kwisha. Kijito cha juu kilivunja kingo asubuhi na kujimwaga ndani ya duara la Andongwisye, vijana watatu wakiwa chini. Mmoja wao alikuwa Lwitiko, mtoto wa pekee wa Jairo na mkewe Ketrina. Pampu ndogo ya pale ilikohoa, ikafa. Bomba la hewa ndilo lililobaki linatoa habari: ukiweka sikio ulisikia kugonga, ko, ko, ko, chuma kwa chuma. Vijana walikuwa hai, wamepanda kwenye kichumba cha juu cha mgodi, na maji yanawafuata.

Sasa nyie msiojua machimbo, sikieni. Pale Saza mtu akinaswa chini, mdomo wa duara hauachwi mtupu. Ndugu zake hukaa palepale wanaongea naye kupitia bomba. Wanamwambia kuku ametaga, fulani kachumbiwa, mahindi yamebeba. Kwa sababu aliye gizani akisikia kimya anajua wamemkatia tamaa, naye anajikatia. Basi Ketrina alikuwa kapiga magoti kwenye tope, midomo kwenye bomba, kanga kichwani imelowa.

"Lwitiko, mwanangu, yule mbwa wako leo kagoma kula. Anakungoja wewe. Unanisikia?"

Ko, ko, ko.

Lori lililokuwa linaleta pampu kubwa ya kuyanyonya maji hayo lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto. Daraja lilikwenda na maji. Ndipo habari zikaja kwamba kuna helikopta kubwa ya jeshi iko Mbeya, inapeleka unga kwa waliozingirwa na mafuriko, na wamekubali kuibeba pampu hiyo kwa minyororo hadi Saza. Kila mtu akageuka kumtazama Jairo. Andongwisye hakuchokoza siku hiyo. Alimshika mkono tu.

Kapteni mmoja alitangulia na pikipiki, ikavushwa mtoni mabegani mwa vijana. Alikuwa na redio begani na tope mpaka kiunoni.

"Mzee, nimeambiwa kazi ya kupokea mizigo unaijua."

"Kazi hiyo inanijua mimi," Jairo akasema, kwa mazoea tu, kwa maana mdomo wake ulikuwa unajiendea wenyewe.

"Tuiweke wapi?"

Jairo alitazama. Kulikuwa na uwanja wa shule, mpana, mkavu kiasi, lakini uko ng'ambo ya korongo, na kati yake na duara hakuna hata njia ya baiskeli. Na kulikuwa na hapa, mdomoni mwa duara, peupe padogo. Lakini pande zote mbili kulikuwa na vilima vya marudio, ule mchanga laini unaobaki dhahabu ikishaoshwa, umerundikwa miaka na miaka, umenyonya maji, umesimama kama uji unaongoja kumwagika. Alijua upepo wa panga zile. Aliujua kuliko alivyojua sala ya Bwana.

Lakini Ketrina alikuwa ameinua kichwa.

"Baba Lwitiko. Utaishusha wapi?"

Angeweza kusema kweli. Ila miaka yote alikuwa amewaambia watu kwamba lile dude hutii vidole vyake, na mwanamke huyu alikuwa anamsikiliza akiwa anapepeta mpunga, hakumbishia hata siku moja. Akamwamini wakati mbaya kabisa wa kumwamini.

"Hapa," Jairo akasema. "Nitaitua mbele ya magoti yako, taratibu, kama chungu cha maji."

Akamwambia kapteni iletwe hapo. Kapteni alivitazama vile vilima, akamtazama Jairo, akaona masharubu na kifua, akaongea na redio.

Walibomoa kibanda cha turubai kilichokuwa juu ya duara. Jairo akaomba watu wasogee mbali, wakasogea, isipokuwa Ketrina.

"Mama Lwitiko, ondoka hapo."

"Nani ataongea naye?"

"Dakika chache tu."

"Wewe ita dude lako. Mimi niache na mwanangu."

Ikaja. Kwanza kifuani kabla ya masikioni, halafu bonde zima likajaa. Pampu ilikuwa inaning'inia chini yake, ya chuma, kubwa kama trekta, inazunguka polepole. Watu wa Saza waliokuwa wakimcheka Jairo walifunga midomo, kwani ilikuwa kubwa kuliko hadithi zake, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Jairo alinyoosha mikono. Njoo. Njoo. Ikaja. Wallahi ilitii.

Kisha upepo ukashuka. Ndoo ziliruka, magogo ya kibanda yakabingirika, watu wakalala chini. Jairo alisimama kasimika miguu, mikono juu, shuka, shuka, pampu ikiwa karibu kiasi cha kuweza kuhesabu nati zake. Hapo ndipo alipoona kilima cha kushoto kinatoa ulimi. Marudio yalianza kuteremka kimyakimya, laini kama unga, yakapita pembeni mwa Ketrina aliyekuwa kalifunika bomba kwa mwili wake, yakaanza kumiminika ndani ya duara.

Alijua maana ya kungoja hata kidogo. Alijua pia maana ya kuirudisha. Akapishanisha mikono yake juu ya kichwa, akaifungua, akaipishanisha tena. Ondoka. Ondoka.

Ikaondoka. Haikuuliza.

Kelele zilipopungua, kitu cha kwanza kilichosikika ni Ketrina.

"Umeifukuza."

"Mama Lwitiko, kilima..."

"Ilikuwa hapa. Nimeiona. Mikono yako ndiyo imeifukuza."

Wengine nao walikuwa wanasimama kutoka kwenye tope, macho yao yakisema hivyohivyo. Mmoja aliokota bonge la udongo, Andongwisye akamkunjua vidole akalidondosha. Ketrina alikuwa amerudisha sikio kwenye bomba. Ko, ko. Bado.

Jairo alimwambia kapteni aielekeze uwanja wa shule, akakimbia kuvuka korongo hadi huko. Kundi lilimfuata, na pampu ilipokuja inashuka vijana waliruka wote kwenda kuidaka, maana walishaona inavyoweza kurudi ilikotoka. Jairo akawazuia kwa mwili, mikono wazi, analia na kutukana kwa Kindali. Panga zile zikikata hewa hukusanya umeme, na anayeushika mzigo kabla haujagusa ardhi hurushwa kama kandambili. Hakukuwa na nafasi ya kueleza. Kwao alikuwa yuleyule mzee anachelewesha tena. Walimpiga mabega, mmoja akamchania shati. Chuma kikagusa nyasi, kikatoa cheche, ndipo akawaachia. Akafungua ndoano mwenyewe.

Kisha ikabaki kazi ya kuivusha. Walikata miti wakaitandika chini ya pampu, wakafunga kamba, Saza nzima ikavuta: wachimbaji, wakulima, mchungaji wa Moraviani na wazee wake wa kanisa, wanawake waliofunga kanga viunoni. Kwenye korongo ilikwama. Ikakwamuka, ikakwama. Jairo alivuta kamba ya mbele mpaka viganja vikachubuka, na kila waliposimama kupumua alipaza sauti kuelekea ng'ambo.

"Wanagonga?"

Na mtu aliyewekwa njiani alipokea swali, akalipeleka, akarudisha jibu.

"Wanagonga."

Wakavuta. Jua likahama upande.

"Wanagonga?"

"Kidogo."

Wakavuta. Mara nyingine alipouliza, yule mtu aliinamisha kichwa, akasema mama Lwitiko bado anaongea. Hicho ndicho alichoulizwa? Sicho. Lakini Jairo hakurudia swali.

Pampu ilifika jua likiwa kwenye vilima vya Galula. Ikanguruma, ikatapika maji mekundu, maji yakapungua, na Andongwisye mwenyewe akafungwa kamba akashuka. Wa kwanza kupandishwa alikuwa Edson, anatetemeka, macho yamefumbwa kwa mwanga. Wa pili Clement, hawezi kusimama. Mama zao walipiga vigelegele, halafu wakajizuia. Wa tatu alipandishwa kichwa kimeinama.

Frida, muuguzi wa zahanati, alimlaza Lwitiko juu ya turubai. Alimkandamiza kifua kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana. Mwisho aliingiza mkono kwapani mwake, akauacha hapo.

"Bado ana joto," akasema. Alisema kwa huruma, kama mtu anayetafuta kitu kizuri cha kumpa mama. Akili ilipomrudia alikwisha sema.

Ketrina alimtazama mumewe, si kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

Clement ndiye aliyeongea, palepale chini alipolazwa. "Mchanga ulikuwa unaingia, mama. Ulitufika kifuani. Kisha ukasimama. Usingesimama, tungekuwa maiti watatu." Ketrina alimsikia. Alimvutia Clement kanga vizuri mabegani, kwa maana alikuwa mtoto wa mtu, akarudi kukaa kwa wake.

Walimzika Lwitiko nyuma ya nyumba, penye ufuta. Watu walikuwa bado wamekaa msibani, pombe ya kumaliza matanga haijanywewa, wakati kapteni aliporudi, safari hii viatu safi na kofia mkononi. Akainama kwa Jairo. Kuna kijiji kingine kimezingirwa, pampu inatakiwa huko, helikopta iko njiani. Hakuna mwingine hapa wa kufunga ndoano. Alisema anajua si wakati wa kuombwa hivyo. Alisema Jairo akikataa ataelewa.

Jairo akamgeukia mkewe.

"Baba Lwitiko," Ketrina akasema, bila kumwangalia. "Huko nako kuna mama yuko kwenye bomba."

"Nikuache hapa?"

"Siku ile hukuniacha?"

Basi akaenda. Alivuka korongo na shati la msiba, peke yake, akasimama uwanjani, ambako vijana walikuwa wameirudisha pampu kwa kamba, chini ya upepo ule, masharubu yamelowa. Alifunga minyororo. Akagusa ndoano kwa fimbo ya shaba kwanza kuutoa umeme, akaipachika, akavuta kuijaribu. Akarudi nyuma hadi mahali ambapo rubani angemwona, na kule msibani watu wote wakainua nyuso, isipokuwa mmoja.

Akanyanyua mikono. Pampu ikaacha nyasi.