Betri za Redio ya Baba

Enzi zetu betri zilianikwa. Msicheke, mliokulia Muhuru Bay mnajua ninachosema. Omena, wale dagaa wa ziwani, zilitandazwa juu ya nyavu kuukuu, na pembeni, kwenye jiwe lililoshika joto tangu asubuhi, betri nne za redio ya Baba ziliota jua, mtoto mmoja akilinda kuku wasizitawanye. Zikichoka tena tulizing'ata kwa magego mpaka zibonyee, na kweli zilitupa taarifa ya habari nyingine moja. Ladha yake naikumbuka hadi leo, chumvi na kutu. Vijana wa sasa simu ikibaki asilimia ishirini wanahema kama wagonjwa. Sisi tulitafuna betri na tukakua.

Nimeyakumbuka haya juzi nikiwa Rongo, kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta, binti aitwaye Akinyi. Laptop ninayotungia mitihani ya wanafunzi wangu ilikuwa imeanza vituko. Kila nikiiwasha, tarehe ilirudi nyuma miaka mingi, na mtandao ukakataa kufunguka. Akinyi aliipindua, akafungua skrubu za mgongoni moja moja, akachomoa kwanza waya wa betri kubwa. Kisha akanionyesha kitu kidogo kama kifungo cha koti, kimevikwa plastiki nyeusi, chenye nyaya mbili nyembamba.

"Ni hii tu imekufa, madam," akasema. "Ile kubwa iko sawa. Lakini bila hii, ukizima, mashine haijui leo ni siku gani."

Akainama kutafuta nyingine kwenye droo. Mimi nikabaki kwenye benchi, macho yakitazama zile skrubu lakini sizioni. Nilikuwa nimeshafika ufukweni, nina miaka kumi, miguu imejaa magamba ya omena.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Redio yake ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama, na sheria yake ilikuwa fupi: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, basi. Matangazo yale ya jioni, kwa Dholuo, ndiyo yaliyokuwa simu yetu. Lilitajwa jina la marehemu, wake zake, watoto na mahali wanakofanya kazi, wakwe, wajukuu, na mwisho kabisa siku ya maziko. Nyumba nzima ilinyamaza. Mama hata ugali aliacha kuusonga. Baba alipenda kutuambia kwamba redio si ya kuchezea, redio ni ya watu.

Lakini mchana Baba alikuwa kwenye mashua zake, na mimi na dada yangu Adhiambo tulikuwa na omena za kugeuza. Tuliishusha redio, tukaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukacheza muziki katikati ya nyavu, viuno vikizunguka, ziwa likimeta huko chini. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Siku moja wimbo mmoja tulioupenda sana ukapigwa, tukacheza na nyingine zilizofuata, mpaka sauti ikawa nzito na ya kulegea. Tukazianika betri haraka haraka, na jua nalo likaingia mawinguni.

Jioni ile Baba alisikia jina la Mzee Ochola wa upande wa Homa Bay, aliyemfundisha kuunda mashua alipokuwa kijana. Akasimama. Mtangazaji akapita kwa wake, akapita kwa watoto, sauti ikizidi kufifia, Baba ameweka sikio kwenye spika. Kabla ya siku ya maziko kutajwa, redio ikanyamaza. Alizitoa betri akazisugua kwenye shati, akazirudisha. Wapi. Akazunguka kwa majirani, na wote walikuwa wamesikia tangazo, lakini nani hushika siku ya maziko ya mtu asiyemjua?

Basi Baba akapiga hesabu yake. Sisi Wakatoliki tulizoea kuzika Jumamosi, lakini Ochola alikuwa Msabato, na Wasabato hawaziki siku ya Sabato. Kwa hivyo ni Jumapili. Akafunga safari na suti yake ndani ya mkoba. Alipofika Jumapili asubuhi, watu walikuwa wanakunja hema. Walikuwa wamemzika Ijumaa.

Aliporudi hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba betri za siku hizi zimekuwa mbovu. Nilimsikia nyuma ya mlango akimwambia Mama, "Alinipa kazi ninayokula nayo, na mimi sikumtupia hata konzi moja ya udongo." Adhiambo akanibana mkono. Niliona aibu, nami nikanyamaza, na miaka ikapita juu ya ule unyamavu.

Siku hizi tangazo la kifo linafika kwenye simu kabla machozi hayajakauka, na picha ya rangi, na siku, na saa, na ramani ya kukufikisha mpaka langoni. Hakuna asiyejua siku. Watu wanabonyeza kile kipicha cha viganja viwili vya kuombea, wanarudi kwenye vichekesho vyao, na nusu yao hawaendi.

Akinyi alichomeka betri mpya, akafunga mgongo, akarekebisha saa. Akazima, akawasha. Tarehe ikabaki. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikampigia Baba. Bado yuko Muhuru Bay, magoti yanamsumbua lakini masikio ni mazima. Nikamweleza yote, ndoo, dansi, betri, bila kupumzika, nikiogopa kwamba nikinyamaza sitaendelea.

Nikamsikia akivuta kiti na kukaa.

"Nyathina," akasema, "mtoto wangu, ungeniambia siku ile ningekuchapa, na yangeisha. Sasa wewe una wajukuu. Nikufanye nini?"

Nikacheka na kulia pamoja, pale kando ya barabara, watu wakinitazama. Kisha akaniuliza ulikuwa wimbo gani. Hakuuliza kwa ukali, alitaka kujua tu. Nikafungua mdomo nimwimbie japo kipande, nikangoja. Haukuja.

"Baba," nikamwambia, "nimeusahau."