Kijiji Kilichopigia Saa Kura

Bertilla alipewa kazi ya kugonga ringi kwa sababu moja tu: alikuwa na mazoea ya kuamka kabla ya watu wengine wote, na nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka ofisi ya kijiji. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Katibu wa kijiji, Ndugu Kalisti, alisimama mkutanoni akasema shamba la pamoja linataka watu wawe wamefika saa moja kamili asubuhi, na kwamba kuanzia siku hiyo Bertilla, Mama Cornelia, ndiye atakayewaamsha. Watu wakapiga makofi. Kesho yake wakaanza kumlaumu.

Ringi yenyewe ilitoka kwenye gurudumu la lori bovu, ikaning'inizwa kwa mnyororo nje ya ofisi. Ndani ya ofisi, juu ya meza, kulikuwa na saa ya kutia ufunguo, ya rangi ya kijani, aliyoikabidhi mkuu mmoja kutoka wilayani siku kijiji kilipoandikishwa. Kila asubuhi Bertilla aliingia, akaitazama saa mpaka mshale mkubwa ukafika juu, akatoka na nondo yake akagonga. Alikuwa na miaka arobaini na minne, shule aliishia darasa la nne, na tangu mumewe aende Kipili kununua dagaa hakuwa amelala usingizi wa kushiba. Aliogopa kuchelewa. Aliogopa kuwahi. Aliogopa saa isimame usiku asijue, ndiyo maana alikuwa akiitegea sikio hata akiwa anasonga ugali.

Kwa kuwa aliitazama kuliko mtu yeyote, yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba mambo hayaendi sawa. Mwezi wa tano, alipogonga saa moja, watu walitoka nyumbani mwao gizagiza, wamejifunika mablanketi. Ilipofika mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiwa kali hata maji ya mtungini yanauma meno, alipogonga saa moja ile ile jua lilikuwa limeshapanda, umande unaanza kukauka. Alimwendea Kalisti akamweleza.

Kalisti akamwambia kwamba jua nalo hubadilika, mwezi huu linawahi, mwezi ule linachelewa, na halikuajiriwa na serikali. Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyomuudhi Bertilla zaidi, maana mwezi wa saba jua la kwao huchelewa kutoka. Kama ni jua kubadilika, giza lingezidi wakati wa kugonga, siyo kupungua. Alijaribu kulisema hilo. Kalisti alikuwa ameshaanza kuzungumza habari za mbolea.

Ofisi ilikuwa na redio, lakini betri zilikwisha tangu Pasaka, na duka la ushirika halikuwa nazo. Badala yake Kalisti aliweka utaratibu: kila Jumamosi, lori la Hamidi linaposimama barabarani kuchukua abiria wa Sumbawanga, Bertilla aende na saa, aulinganishe mshale na saa ya mkononi ya Hamidi. Dereva ni mtu wa barabarani, alisema Kalisti, hawezi kukosa saa. Bertilla alifanya hivyo wiki baada ya wiki. Saa hizo mbili zilipishana dakika moja tu, siku nyingine hata hiyo moja haikuwapo. Kijiji kizima kikaridhika.

Kilichomtoa Bertilla usingizini kabisa ni barua. Binti yake Cornelia, aliyekuwa amemaliza shule, aliitwa Sumbawanga kwenye usaili wa mafunzo ya uuguzi. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mwisho wa barua waliandika kwamba atakayechelewa hatapokelewa. Bertilla aliusoma mstari huo kwa kidole mara nne. Cornelia alikuwa mtoto wake wa pekee aliyefika mbali kiasi hicho, na nafasi kama ile haikuwa ikipita kijijini mara mbili. Barua kama hiyo alipata pia Silvana, mtoto wa dada yake Kalisti, aliyelelewa na Kalisti mwenyewe.

Basi Jumamosi iliyotangulia, Bertilla aliomba ruhusa apeleke saa kwa fundi. Hakusema inapotea, alisema inakohoa. Kalisti alifikiri sana. Saa ni mali ya kijiji, haiwezi kutembea hivi hivi. Akaiandikia barua ya safari, akapiga muhuri, na Bertilla akaondoka na saa kwenye kikapu, barua ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Fundi aliitwa Saad. Kibanda chake kilikuwa mjini Sumbawanga, kwenye baraza ya duka la kaka yake, na alifanya kazi akiwa amebana kioo cha kukuzia jichoni. Bertilla alimwambia afungue haraka, anarudi kwa miguu. Saad akacheka, akasema haraka ya saa huwa inaleta kazi mara mbili. Wakati anafungua, redio ya dukani ikatoa vile vipigo vyake vya kuashiria saa saba mchana. Saad akaitazama saa ya kijani. Ilisema saa sita na dakika kumi na saba.

"Imesimama njiani?" akauliza.

"Haijasimama hata sekunde. Mimi mwenyewe naisikiliza usiku na mchana."

"Basi mko nyuma dakika arobaini na tatu, mama. Na inaelekea mko nyuma wote, maana hujashtuka kwa saa, umeshtuka kwa redio."

Bertilla akakaa juu ya gunia. Akamuuliza saa iliyokabidhiwa na mkuu kutoka wilayani inawezaje kudanganya. Saad akaipindua, akamwonyesha kigurudumu chembamba kinachokwenda huku na huku kama mtu anayekataa kwa kichwa.

"Watu wanadhani saa inajua wakati," akasema. "Haijui kitu. Inahesabu mapigo ya huyu, basi. Akipiga polepole kidogo, yenyewe haioni. Hapa pana mafuta. Baridi yenu ikiingia yanakuwa mazito, kama uji uliolala. Springi nayo, ukiijaza inasukuma kwa nguvu, ikikaribia kuisha inasukuma kivivu. Vumbi. Uzee. Sekunde arobaini au hamsini kwa siku, nani atazihisi? Lakini hazipotei, zinapangana. Hesabu tangu baridi ianze."

"Kwa hiyo hii ni mbovu."

"Siyo mbovu. Zote ziko hivyo. Ile yangu ya ukutani inakimbia, kila siku naivuta nyuma. Hata ukichukua mbili kutoka boksi moja, hazifiki mwisho wa mwezi pamoja. Ndiyo maana lazima pawe na kitu cha nje cha kuisahihisha, na hicho kitu kisiwe saa nyingine iliyopotea. Nyinyi mnailinganisha na nini?"

Bertilla akamwambia, saa ya Hamidi dereva. Saad akauliza, na Hamidi yeye analinganisha na nini? Bertilla hakujua. Aliliwaza swali hilo njia nzima ya kurudi, saa ikiwa imesafishwa, imetiwa mafuta mepesi, inakwenda pamoja na redio.

Jumatatu akagonga saa moja ya kweli. Kulikuwa bado kiza. Mbwa walibweka, watoto wakalia, na mzee mmoja akatoka na mkuki akidhani pana moto. Hadi watu wanafika shambani alikuwa ameshatukanwa kwa Kiswahili na kwa Kifipa. Wanawake aliosuka nao mikeka tangu usichana walimwuliza kama mumewe akiwa Kipili ndiyo na wao wasilale na waume zao. Jioni Kalisti akaitisha mkutano.

Bertilla alieleza yote: mafuta, springi, redio, dakika arobaini na tatu. Alieleza vizuri, alivyoona yeye. Bwana mmoja akasimama akasema kijiji kina watu mia mbili na wote walikuwa wanakubaliana kuhusu saa, hakuna aliyegombana na mwenziwe, mpaka alipokuja fundi mmoja wa mjini anayekula kwa kuharibikiwa kwa saa za watu. Akapigiwa makofi. Mwingine akasema baridi ya mwezi wa saba siyo ya kuchezea. Nalo likapigiwa makofi.

Kalisti hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba aliamini hakuna jambo duniani lisiloweza kumalizwa na mkutano. Akauliza wanaotaka saa irudishwe ilipokuwa wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka kama mtama. Bertilla akasema, bila kusimama, "Ndugu Katibu, mngeipigia kura na mvua basi inyeshe." Watu wakacheka, saa ikarudishwa nyuma, na makarani wakaandika.

Jumanne lori lilipofika, Kalisti alimshika Bertilla mkono akampeleka hadi mlangoni kwa dereva, ili amalize ubishi. Hamidi akapandisha mkono wa koti. Saa yake na saa ya kijiji zilikuwa sawasawa. Kalisti akatabasamu.

"Jana niliwasikia mkigonga mapema," akasema Hamidi, "nikajua Mama Kengele kakosea."

Bertilla hakutabasamu. "Hamidi, mwanangu, hiyo saa yako huwa unaiweka sawa kwa kitu gani?"

"Kwa kengele yenu, mama. Nikipita nikasikia inagongwa, narekebisha. Saa ya ofisi ya kijiji, ningepata wapi iliyo bora?"

Bertilla alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Miezi yote hiyo alikuwa akiubeba mkweche ule kila Jumamosi, anausahihisha kwa saa iliyosahihishwa na mkweche ule ule. Alimgeukia Kalisti.

"Umesikia?"

Kalisti alikuwa amesikia. Uso wake ulionyesha. Lakini akasema uamuzi wa mkutano unatenguliwa na mkutano, na mkutano ujao ni Jumamosi.

"Usaili ni Alhamisi."

"Lori litaondoka hapa saa moja na nusu. Saa mbili na nusu wako mjini. Wana nusu saa nzima ya kukaa."

"Saa mbili na nusu ya nani, Katibu?"

Bertilla akameza hasira, akajaribu kwa upole, kwa ajili ya mtoto. Akamwambia yeye na Cornelia watakwenda kwa miguu, wataondoka jogoo wa kwanza akiwika, na Silvana aungane nao. Ni mwendo wa saa tatu tu, na viazi vya njiani atavichemsha yeye. Kalisti akatikisa kichwa. Lori lipo, na mtoto wa katibu akionekana anatembea gizani, watu watasema katibu mwenyewe haiamini saa waliyoipitisha. Atapanda lori, na yeye atamsindikiza.

Alhamisi Bertilla na Cornelia walifika mjini miguu imejaa vumbi hadi magotini, wakanawa kwenye bomba. Bertilla alimuuliza mlinzi saa ngapi. Akamuuliza na mama aliyekuwa akiuza maandazi. Kisha akaenda dukani kwa kaka yake Saad akasikiliza redio kwa masikio yake, akarudi. Ilikuwa bado nusu saa. Saa tatu karani akatoka na orodha, akaita majina. Cornelia akaitika, akaingia. Silvana aliitwa mara tatu. Mlango ukafungwa.

Lori la Hamidi lilifika robo saa na ushee baadaye. Kalisti alishuka taratibu, amevaa suti yake ya mikutano, akamsaidia Silvana kushuka, akamfuta vumbi begani. Alikuja akitembea kama mtu aliyewahi. Bertilla alipomwona hivyo, aliyaacha maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu Jumatatu. Akaenda yeye kuugonga mlango.

Karani akafungua kidogo. Bertilla akamweleza kwamba binti huyu hakuchelewa kwa uzembe, saa ya kijiji ndiyo iliyopotea, na yeye mwenyewe ndiye mgongaji, wamlaumu yeye. Karani alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema karatasi zimeshagawiwa, na kila anayechelewa ana saa yake ya kusingizia. Silvana aandike barua, ajaribu mwakani.

Silvana hakulia palepale. Aliuliza kwanza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli saa tatu imepita, maana mjomba alimwambia bado. Kalisti alikuwa akiitazama saa ya karani, kisha mlango uliofungwa, midomo yake ikicheza kama anayetafuta kipengele cha katiba.

"Mama Cornelia," akasema hatimaye, "ungenilazimisha."

Bertilla alimtazama. Alikuwa amechoka, miguu inamuuma, na hasira ilimrudia yote kwa mara moja. "Kwa mkono gani, Katibu? Nilikuwa na mmoja tu mkutanoni."

Akamchukua Silvana, akamkalisha kivulini, akampa kiazi. Mtoto akakishika bila kula.

Cornelia alitoka adhuhuri na karatasi mkononi. Wamemchukua, aripoti mwezi ujao na blanketi na ndoo. Alikuwa ameshafungua kinywa amwambie mama yake, akamwona Silvana. Akaikunja karatasi ndogo ndogo, akaitia ndani ya gauni, akaketi karibu na mwenzake. Bertilla aliiona ilipokunjwa. Alikuwa ameingoja karatasi ile tangu mtoto aanze darasa la kwanza, na sasa ilibidi angoje tena mpaka wafike nyumbani ndipo aishike.