Siku Niliyomcheka Kijana Anayelia

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa kujenga kule mtaa wa Hurlingham. Mzee Wekesa, aliyenifundisha kazi, alinipeleka katikati ya jiji kutazama sinema. Hakuniambia inahusu nini. Mimi nilitarajia bunduki na ngumi.

Kumbe ilikuwa habari ya kijana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mwanaume halii. Akawa mgumu, akampiga mchumba wake, akawafukuza marafiki. Mwishowe akaketi kwenye ngazi za nyumba ya mamake, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Tulipotoka, mzee hakunigombeza.

"Ulikuwa unacheka nini?" akaniuliza.

"Si yule jamaa, mzee. Analia kama mtoto."

"Hiyo nimeona. Nauliza wewe ulicheka nini."

Tulitembea nikilitafuta jibu. Ajabu ni kwamba nilijua kukagua ukuta wa mtu mpaka ufa mdogo kabisa, ila kifua changu mwenyewe sikuwahi kukichungulia. Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu, Barasa. Miezi minne nyuma, tulipomzika baba, alijitupa kando ya kaburi akilia, nami nikamzaba kofi mbele ya waombolezaji wote. Hatukuwa tumesemezana tangu siku hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kicheko.

Nikamweleza mzee. "Sasa mbona uko hapa na mimi?" akasema. "Enda kwake."

Nikaenda Kangemi, mtaa alikokuwa akiishi. Barasa alifungua mlango, akaniona, akarudi nyuma hatua moja huku ameukinga uso kwa mkono. Mwanangu, sijawahi kuona aibu kama ile.

"Nisamehe," nikamwambia.

Akaushusha mkono. "Sikuwa nalia juu ya baba pekee," akasema. "Nilikuangalia vile umenyamaza, nikaona ni kama tunazika watu wawili."

Hapo nikalia. Yeye ndiye aliyeandaa chai.

Basi sikia. Sikukatazi kuwa imara. Nyumba inataka mtu imara. Lakini ukijikuta unamcheka mtu kwa machozi yake, au mkono umeinuka, usikimbilie kujitetea. Jiulize unaogopa nini. Ukikosa jibu, muulize aliyekutangulia kuzaliwa, maana kuuliza si ujinga. Na uliyemuumiza mwendee mapema, angali hai akufungulie mlango.

Mungu akupe moyo unaojijua, mwanangu, na wa nyumbani kwako wafurahi wakisikia umefika.