Mwadi na kisiwa kilichokimbia vita

Habari hii hakuna muntu atakayeiamini, na minyi sibembelezi. Hapa Kamina kuna mwanamuke ambaye, mwaka wa 97, vita ilipofika, hakukimbia yeye: alikimbiza kisiwa. Kisiwa kizima, na nyumba, na kuku, na tanuri, na mugeni wa koperasio juu yake. Minyi nilikuwako. Tena niko muntu wa masomo, nilifika mwaka wa sita, na ningeendelea kama mwalimu hangenionea wivu. Basi musikilize.

Anaitwa Mwadi, mutoto wa dada yangu. Munamuona sokoni na besheni ya samaki ya kukausha. Ukimuomba apunguze bei, anaangalia upande wa gare, kule treni inasimama, mpaka weye mwenyewe unasikia haya.

Alizaliwa ziwa Kisale, karibu na Sanga, juu ya kisiwa kinachoelea. Munacheka? Muende muone. Ni mafunjo na matete, mizizi imeshikana, ya chini inaoza, ya juu inaota, mpaka inabeba nyumba. Kinafungwa kwa miti mirefu iliyochomekwa ndani ya matope. Kule ukigombana na jirani, hautafuti kiwanja kingine. Unang'oa miti, bandugu banakuja na mitumbwi, banakusukuma sufuria ikiwa bado motoni, unaenda kukaa mbali na yule mubaya. Dada yangu alihama hivyo kila mara. Mudomo wake ulikuwa kama wangu.

Kisha koperasio, ile kazi ya inchi kusaidiana, ikamuleta Moustapha. Munafikiri koperasio ni bazungu tu? Huyu alitoka Komori, inchi ya visiwa vidogo baharini. Ukipiga chafya upande huu, banakuambia pole upande ule. Inchi ile njo inatuma muntu kuja kusaidia Kongo yetu! Nilimuuliza: "Baba, inchi yenu si ingeingia yote ndani ya Kisale?"

"Ingeingia, muzee wangu," akasema, "na maji yangemwagika mpaka Kamina, mulowane wote."

Nilimupenda palepale.

Aliniambia kwao balikata miti ya kuchemushia maua ya marashi, mpaka mito ingine ikakauka. Njo alikuja ili sisi tusifanye vile. Bamama ba Kisale balikuwa banakausha samaki juu ya moto wa wazi, na kila mwaka kuni zilikuwa mbali zaidi. Mwadi alishazibeba mpaka mugongo ukaharibika. Moustapha akaleta vyuma, akajenga tanuri ya udongo wa kichuguu, ndefu mpaka kifuani mwa muntu, yenye kula kuni kidogo tu. Bamama bengine baliogopa uzito wake. Mwadi akasema: "Ijengwe kwangu." Akaweka sheria: kila mama anayekuja kukausha samaki analeta furushi la matete, yatandikwe chini ya tanuri, kisiwa kisizame. Kisiwa kikanenepa.

Kisha vita. Basoda ba serikali balioshindwa huko kaskazini balikuwa banarudi na njaa na bunduki. Koperasio ikafunga kazi, ikaita bantu bayo barudi. Moustapha alikuja kuaga tu; minyi nilikuwa mugeni wa Mwadi tangu juma lile. Asubuhi ile, kabla moto wa tanuri haujawashwa, muvuvi mumoja, Banza, akafika anapiga makasia na makelele: "Mwadi! Banakuya! Beko Sanga!"

"Mama Mwadi, tuingie mutumbwi," Moustapha akasema.

"Na tanuri?"

"Batavunja, basi. Nitakujengea ingine."

"Na vyuma gani? Koperasio yako si imefunga? Weye utaenda kwenu. Minyi nirudilie kuni, na huu mugongo?"

Mwadi akageuka: "Banza, ita benzako. Mung'oe miti."

Miti ikang'olewa. Mitumbwi ikasukuma. Kisiwa kikatembea kidogo, kikagusa matope, kikasimama. "Mbona leo tanuri iko nzito hivi?" Moustapha akauliza. "Tuitupe majini, kisiwa kitoke!" Muntu wa masomo angemujibu: udongo ulikunywa mvua. Siku ile suruali yangu yote ilijaa masizi, alama ya kazi.

Mwadi aliangalia vitunga vya samaki vilivyopangwa kwa safari ya Kamina. Ilikuwa kazi yake ya musimu wote. "Mushushe hivi," akasema. "Muviweke pale ng'ambo, basoda bavione."

"Mama, ni mali yako yote!"

"Samaki tutavua ingine. Mushushe."

Balishusha. Kisiwa kikainuka, kikatoka. Moustapha, mutoto wa visiwa, akakumbatia nguzo ya nyumba, macho amefunga, anasoma dua. "Kwetu kisiwa kinakaa!" akalia. "Kinakaa pahali pake!" Mwadi akacheka, na kucheka kwake ni kitu cha kuona mara moja kwa maisha.

Basoda balipofika, balikuta vitunga. Balikaa chini, bakala. Mumoja akanyoosha kidole: "Kile kisiwa kinatembea!" Mwenzake akamuambia: "Weye umekunywa." Bakaendelea kula.

Balipoenda zao, kisiwa kilikuwa kimefungwa nyuma ya mafunjo marefu, na tanuri inatoa moshi. Moustapha alirudi Komori. Tanuri ingali inafanya kazi, na ng'ambo miti imeanza kuota tena.

Lakini kuna kitu Mwadi hasemi, kwa sababu hapendi kunisifu. Kisiwa hakikutoka kwa kushusha samaki tu. Njo minyi nilishuka ndani ya matope, basoda mia mbili bananilenga, nikaweka bega, nikasukuma peke yangu mpaka—

"Tonton, mujomba wangu." Mwadi eko nyuma yangu, besheni kichwani, anasoma haya ninayoandika. "Basoda mia mbili? Balikuwa bane. Na bega gani? Weye ulijificha ndani ya tanuri. Moustapha anauliza kwa nini iko nzito, minyi naona miguu yako inatokeza kwenye mulango wa kuni. Nikinyamaza, ni kwa sababu uko ndugu ya mama. Na kama siku ile ningekubali tanuri itupwe majini, ungezama nayo, na leo nani angeandika huu uongo—"