Mwigizaji Asiyepaswa Kuonwa na Mkwewe

Sekela alijifunza kuigiza bila maneno kwa sababu ya woga, tusizunguke mbuyu. Alipoolewa kijijini Kisiba, mila ya huko ilimkataza kuonana na baba mkwe wake, Mzee Ambindwile. Mzee akikohoa tu migombani, yeye huyoo, nyuma ya jiko. Hata sauti ya Sekela, mzee hakutakiwa kuisikia. Basi akawa anaongea na mama mkwe kwa mikono, mabega na nyusi, mpaka mama wa watu anashika mbavu kwa kicheko.

Yeye na mumewe Lugano walipohamia Msasani, mjini Tukuyu, akaanza kufundisha watoto wa majirani kila Jumamosi. Mwaka wa tisa huu. Na si mpole hata kidogo: "Sitaki kuona ndoo! Nataka kuona uzito wa maji!"

Mwaka jana wanafunzi wake walialikwa kuonyesha maigizo yao kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Bagamoyo, hapohapo Tukuyu. Sekela ndiye wa kufungua, akiigiza mama aliyebeba mkungu wa ndizi kwenye utelezi, kisha watoto wamfuate. Akachungulia pembeni ya pazia. Kiti cha mbele kabisa: Mzee Ambindwile! Lugano alikuwa amemwalika aje kumwona mjukuu wake akiigiza na wenzake, hakuwaza zaidi ya hapo. Wanaume!

Akitoka, amemvunjia mzee heshima mbele ya watu. Asipotoka, watoto kumi na wawili waliofanya mazoezi miezi mitano watarudi nyumbani wakilia.

"Madamu, tunaitwa," alinong'ona Felista, mwanafunzi wake mkubwa.

Akatoka, macho chini. Waliojua mila wakaguna. Mara akasikia kiti kinaburutwa. Mzee anaondoka, alijua, na kesho ukoo mzima utakaa kikao juu yake. Hofu ikamtetemesha mpaka mkungu ambao haukuwepo ukamwelemea kweli, akateleza, akaanguka.

Akaibia jicho. Mzee hakuwa ameondoka. Alikuwa amegeuza kiti, mgongo kwa jukwaa, ametulia, vijana wakimcheka. Akamwinamia jirani yake.

"Sasa anafanya nini?"

"Ameanguka na mkungu wake, mzee."

"Ameumia?"

"Hainuki."

"Basi msaidieni!" mzee akapaza sauti, bado kawapa mgongo. "Mimi siwezi kugeuka!"

Watoto kumi na wawili wakaingia, wakamwinua mwalimu wao.